Nimekariri maneno 140 ya Kifaransa, mteja akiongea sisikii hata moja

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nauza dagaa na sangara wakavu hapa mwaloni Kirumba. Siku hizi wateja wangu wengi ni Wakongo na Warundi, Kiswahili wanakijua ila wakianza kuongea wao kwa wao au na bosi wao kwenye simu ni Kifaransa tupu, mi naachwa naangalia midomo tu. Mdogo wangu kanipakulia orodha ya maneno 1,000 yanayotumika sana kwenye Kifaransa, nimeanza kukariri toka la kwanza mpaka sa hivi niko la 140. Lakini mteja akifungua mdomo sisikii hata moja kati ya hayo 140. Nakosea wapi? Niendelee au niachane nayo?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera, maana kufika neno la 140 huku unapima mzigo na kubishana na wapagazi sio mchezo. Orodha yenyewe haina ubaya, ni vile unavyoitumia, na masikio yako hayana shida yoyote, hayo maneno umeshayasikia mara nyingi sana ila yamekupita yakiwa yamevaa nguo nyingine.

Nikupe mfano. Karibu kila orodha ya aina hiyo, kwenye namba za juu kabisa kuna neno être, maana yake kuwa. We umekariri être, unakaa unaisubiri. Sasa mteja hasemi être, anasema je suis, c'est, vous êtes, ils sont, c'était, na hapo kila moja ina sauti yake, haifanani hata kidogo na uliyokariri. Avoir (kuwa na) hivyo hivyo, utasikia j'ai, il a, vous avez, ils ont. Aller (kwenda) ndo balaa kabisa maana utasikia je vais, tu vas, on va, ils vont, uiunganishe vipi na aller kama hukuambiwa? Ni sawa na Mfaransa akariri kwenye kamusi "kuja" afu aje hapo mwaloni asikie "njoo", atabaki ameduwaa kama we.

La pili ni kwamba Kifaransa cha mdomoni kinagandishwa. Il y a, ambayo ni "kuna", mtu wa haraka anaitamka "ya", basi. Je ne sais pas, yaani sijui, kwenye maandishi ni maneno manne, ila mdomoni ne inaangushwa na iliyobaki inatoka kama "shepa". Les amis inasikika "lezami" kana kwamba kuna rafiki anaitwa zami. Afu herufi za mwisho nyingi hazitamkwi, prix (bei) ni "pri", poids (uzito) ni "pwa", sasa kama ulikariri kwa kusoma kwenye karatasi na kutamka kila herufi kama tunavyosoma Kiswahili, basi umejifunza lugha ambayo haizungumzwi popote duniani. Usicheke, mi mwenyewe nilianza hivyo hivyo na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa ananiangalia tu.

Kwa hiyo kwenye hiyo 1,000 chukua kama 60 za mwanzo tu, ila usikariri neno, kariri kipande cha sentensi. Futa être, andika c'est bon (ni nzuri), c'est cher (ni ghali), je suis là (nipo hapa). Futa avoir, andika j'ai, vous avez. Futa aller, andika je vais acheter, nitanunua, kwa sababu hiyo je vais ukiigongelea kitenzi chochote nyuma yake unapata wakati ujao bila kuhangaika na viambishi, na Wafaransa wenyewe wanaongea hivyo. Vineno kama de, à, que, en usivitafutie maana kabisa, peke yake havina maana, ukiuliza de maana yake nini ni kama Mzungu akuulize "ya" maana yake nini, utamjibu nini?

Na hapo kuna habari njema ambayo vitabu vingi havisemi kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza. We Mswahili una njia ya mkato. Le prix du poisson ni bei ya samaki, mpangilio ule ule (hiyo du ni de na le zimegandishwa). J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai trente ans, nina miaka 30. Mtu wa Kiingereza hapo anapambana kwelikweli maana kwao mtu "ni" njaa na "ni" miaka, sisi tunayo kama Wafaransa walivyo nayo. Cha kufurahisha zaidi ni hiki, je les achète: je ndo ni, les ndo wa, achète ndo nunua, ni-na-wa-nunua, yule anayetendewa anakaa katikati kabla ya kitenzi kama kwetu. Wanafunzi wangu wa Kisukuma wakishaona hiyo kwenye ubao darasa linachangamka ghafla. Na le na la zisikutishe, hiyo ni ngeli tu, wao wanazo mbili, we umekua na ngeli kibao na hukuwahi kulalamika. Ila nomino ikariri na un au une mbele yake, un sac, une balance (mizani), kwa sababu neno likianza na vokali le na la zote zinageuka l' na hutajua tena liko ngeli gani.

Sasa nije kwenye kosa kubwa zaidi, na hili sio lako ni la orodha zote za maneno ya kawaida. Miaka ya 1950 kule Ufaransa mtaalamu mmoja anaitwa Georges Gougenheim na wenzake walirekodi watu wakiongea mambo ya kila siku, wakahesabu maneno gani yanajirudia zaidi, lengo lilikuwa kupata Kifaransa cha kumuanzishia mgeni. Wakagundua kitu cha ajabu, vineno vidogo vimejaa juu, lakini neno kama fourchette, uma wa kulia chakula, ambalo kila mtoto wa Kifaransa analijua, kwenye hesabu halionekani. Kwa nini? Kwa sababu watu hawataji uma mpaka wawe mezani. Ikabidi waende mashuleni kuwaambia wanafunzi waandike majina ya vitu 20 vinavyowajia kichwani kwa kila mada, jikoni, nguo, usafiri na kadhalika, ndo wakayaongezea. Yaani kuna maneno yanayorudiwa sana na kuna maneno yanayohitajika, hayo ni mafungu mawili tofauti.

Fourchette yako we ni sable. Sable ni mchanga, na dada yangu unajua mwenyewe mteja wa dagaa akikunja uso analalamikia nini, y a du sable, "ya dyu sabl", hilo neno kwenye 1,000 zako usitegemee kulikuta. Kwa hiyo chukua daftari la mauzo, nyuma kabisa, andika orodha yako mwenyewe. Sec ni kavu, salé yenye chumvi, fumé ya moshi, mouillé iliyolowa, pourri iliyooza. Le camion ni lori, la douane forodha, le reçu risiti, l'avance ni advansi kama tunavyosema, la monnaie ni chenji. Trop cher, ghali mno, hiyo utaisikia kila siku ya Mungu. Dernier prix, bei ya mwisho, nayo utaisikia mpaka uichoke. Sangara usimtafute kwenye kamusi, Wakongo wengi wanamuita capitaine, neno ambalo kamusi itakwambia ni nahodha, ukabaki unajiuliza mteja anataka nahodha kilo 200 wa nini. Dagaa Warundi wanamuita ndagala, huyo ni ndugu. Na poisson angalia sana, hizo s mbili zitamke s, ukiteleza ukasema z umesema poison, na hiyo ni sumu, usije ukamtangazia mtu sumu safi kutoka Ukerewe.

Namba ndo zianze kabla ya kitu kingine chochote, na hapa nina sababu. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi hata akiongea Kiswahili, pesa, tarehe na namba za simu mara nyingi anazitaja kwa Kifaransa, na anaunganishia na donc (kwa hiyo), mais (lakini), parce que (kwa sababu). Ukizishika namba na hivyo viunganishi vitatu tayari nusu ya yale mazungumzo ya simu unayafuata. Mtego uko kwenye 70 na 90. Video nyingi mtandaoni ni za Ufaransa, watakufundisha soixante-dix, sitini-na-kumi, na quatre-vingt-dix, yaani nne mara ishirini ujumlishe kumi, hesabu ya kichaa. Wateja wako wengi, kwa sababu Kongo na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, wanasema septante na nonante, rahisi tu. 80 imebaki quatre-vingts kotekote huko. Jifunze septante useme, hiyo nyingine uielewe tu ukiisikia. Deux, dix na douze (2, 10, 12) zisikilize mpaka uzitofautishe ukiwa umefumba macho, six na seize (6, 16) pia, na kwenye mzigo mkubwa usione aibu, andika kwenye kalkuleta umuonyeshe.

Saa nayo. Huit heures ni saa mbili asubuhi sio saa nane, najua unajua ila kichwa kikichoka kinasikia huit kinaandika nane, mwanafunzi wangu mmoja lori liliondoka asubuhi yeye amefika mchana na magunia yake.

Salamu usiiruke, bonjour monsieur kwanza ndo bei ifuate, na mteja mwite "vous", wewe ya heshima, usimwite "tu", wewe ya watu waliozoeana, mpaka mzoeane.

Kuhusu muda, maneno matano kwa siku yanatosha, ila yale ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita uyapitie kabla hujaongeza mapya. Kata boksi la katoni vipande vidogo, upande mmoja sentensi ya Kifaransa, upande wa pili Kiswahili, ukipatia kadi inaenda nyuma ya fungu, ukikosea inabaki mbele. Kuna programu za simu kama Anki zinafanya hivyo hivyo bure kwenye Android, ila mikono yenye magamba na simu haviendani. Sauti usiikwepe, tafuta mtu akurekodie hizo sentensi kwenye WhatsApp, na RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya kama dakika kumi, hiyo iache kwanza mpaka ufikishe miezi mitatu au minne ya kujifunza, sasa hivi itakukatisha tamaa bure.

Na huyo wa kukurekodia unaye tayari. Yule mteja wako anayekuja kila mara, siku akishamaliza kulipa na lori bado halijapakiwa, mpe kiti, muombe akuhesabie moja mpaka mia kwenye simu yako, lentement, yaani taratibu, afu akuongezee c'est combien (ni bei gani) na y a du sable, hiyo ya mwisho mwambie aitamke akiwa amekasirika kweli.