Kompyuta ikisoma DNA yangu itajua kama ntaugua?

SWALI: Shikamoo dokta. Babu yetu alianza kurusharusha mikono na miguu bila kutaka, akawa msahaulifu na mkali ajabu, miaka ikapita baba mdogo naye ikawa hivyohivyo. Baba yangu mzazi alifariki kwa ajali akiwa kijana, hatujui yeye ingekuwaje. Wengine wanasema tumerogwa. Sasa nasikia kuna kompyuta zinatabiri vipande vya DNA vinavyojirudia ambavyo vinaleta magonjwa, je nikipimwa itaniambia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kwa unavyoeleza, cha kwanza kukifikiria ni Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, na hapo wala huhitaji kompyuta ya kutabiri, ni kuhesabu tu. DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na kuna sehemu kibao ambapo herufi chache zinarudiwa rudiwa, nyingi hazina neno kabisa. Kwenye jeni ya Huntington, iliyopatikana 1993, herufi ni CAG: ukiwa na marudio 26 kushuka uko salama, 40 kwenda juu ugonjwa utakuja ukijaliwa umri, 36 mpaka 39 kuna wanaougua na kuna wasiougua.

Hizo kompyuta kazi yake ni nyingine. Kuna familia inaugua, magonjwa yote ya marudio yanayojulikana yamepimwa hakuna kitu, mtafiti anabaki na rundo la sehemu zilizorefuka hajui aanze na ipi. Ndo programu kama RExPRT, ya 2024, inaingia: imefundishwa kwa kuonyeshwa marudio yanayoleta ugonjwa na yale wanayotembea nayo watu wazima wa afya, ikajifunza kutofautisha kwa kuangalia mfano marudio yamekaa wapi kwenye jeni na ni herufi gani, halafu inatoa alama. Ni kama polisi kupewa orodha ya washukiwa, ushahidi bado unatafutwa maabara.

Na mimi sijaziamini sana bado kwa watu wetu. Mifano ya marudio mabaya ya kuzifundishia ni makumi tu, na DNA nyingi zilizosomwa duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya. Ona hili: 2001 watafiti Marekani walieleza ugonjwa unaofanana na Huntington karibu kila kitu, lakini jeni ni nyingine, JPH3, na karibu wagonjwa wote waliopatikana mpaka leo wana asili ya Afrika, hasa Afrika Kusini na Marekani. Kwa hiyo ukipimwa Huntington ukaambiwa uko safi usiondoke hapo, waulize na JPH3.

Baba mdogo kama yupo hai aanze yeye, maana bila kujua kwake ni jeni ipi, majibu yako hayatakuwa na uhakika. Magonjwa haya mawili mzazi mwenye nayo anampa kila mtoto kwa nafasi ya 50%, na kwa vile hatujui baba yako alikuwa nayo au la, wewe kabla ya kipimo uko kwenye 25%. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na kabla hujatoa damu kaa kwanza na mshauri nasaha, maana tiba ya kuyaponya haipo bado, zipo dawa za kupunguza dalili, na wapo watu wazima wenye akili zao wameamua hawataki kujua.