Hector the Hero si waltz ya kukatia keki, wadogo zangu

Juzi kwenye sesheni ya wapiga muziki nimemsikia tena dogo mmoja anaipiga Hector the Hero, ile tyuni ya Kiskoti ya maombolezo, mbio mbio, kaiunganisha na rili mbili (tyuni za kuchezea za mwendo wa kasi), halafu anatangaza eti ya asili, haijulikani katunga nani. Jamani! Nawapenda sana ila hapa mnisikilize.

1. Mtunzi anajulikana, ni James Scott Skinner, mpiga fidla wa Banchory, Uskoti, kaitunga 1903 kumlilia rafiki yake Meja Jenerali Hector MacDonald.

2. Mjue na marehemu. Mtoto wa mkulima mdogo wa huko karibu na Dingwall, kaingia jeshini 1870 askari wa kawaida kabisa akapanda mpaka ujenerali, jina likavuma zaidi baada ya mapigano ya Omdurman, Sudan, 1898. Machi 1903, anakabiliwa na mahakama ya kijeshi kwa tuhuma zilizotokea Ceylon (Sri Lanka ya leo), akajipiga risasi hotelini Paris. Kazikwa Edinburgh, makaburi ya Dean.

Mi haya nimeyajua kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili wa fidla niliitwa kupiga harusini, nikaichagua hii kwa vile mapigo yake ni robo tatu kama waltz, dansi ya kuzunguka, na ni tamu, nikaikaza mwendo watu wazunguke, tena nikasema ni wimbo wa mapenzi wa zamani. Mzee mmoja mpiga bagpaipu (zumari ya mfuko) akaweka glasi chini akasimama wima, mikono kainyoosha ubavuni, hakukaa mpaka nimemaliza, mi nikajua ananipa heshima. Akaja akaniambia taratibu, "Mwanangu, hii nilimpigia kaka yangu kaburini." Na bibi harusi ndo mtoto wa huyo kaka, aliacha kucheza tangu mwanzo kabisa, mi niko bize na upinde sijamwona. Hakuna aliyenigombeza. Heri wangenigombeza.

3. Wa bagpaipu: noti zenu ni tisa na sauti haipungui, kwa hiyo huzuni yote iko kwenye kushikilia noti.

4. Wa fidla: vuteni upinde mrefu, na msiiunganishe na rili, nawaomba.

5. Tafuteni mtu aliyewahi kuipiga msibani. Mi nilirudi kwa yule mzee, akanipigia jikoni kwake kwa chanta ya mazoezi (kijizumari cha kujifunzia bagpaipu, hakina mfuko), noti ya juu anaishikilia mpaka unahisi pumzi imemwisha, halafu anaishusha polepole, na chai yetu ikapoa pale mezani hatujaigusa.