Kaka ametoka Mirembe, sasa hataki dawa

Pole sana, dada. Umesema kaka yako alitoka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, miezi mitatu iliyopita, sasa amegoma kumeza dawa, na mama anataka apelekwe kwenye maombi tu. Maombi yaendelee, lakini dawa zisiachwe.

Kwanza muulize kwa upole kwa nini hazitaki. Mdogo wangu alikuwa anazificha chini ya godoro. Siku moja nikamkuta ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, inatetemeka, uji unamwagikia shati. Kumbe dawa ndizo zilimletea ile hali na alikuwa anaona aibu kula mbele za watu. Tulirudi kliniki, daktari akapunguza dozi, mtetemeko ukaisha. Kwa hiyo mrudisheni kliniki ya wagonjwa wa nje, si lazima alazwe tena. Ulizeni pia kuhusu dawa ya sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi, inawafaa waliochoka vidonge vya kila siku. Pesa ikiwa shida, muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha.

Angalieni sana usingizi. Akikesha siku mbili tatu mfululizo, msingoje tarehe ya kliniki.

Na linaloniuma: hospitali ile ipo tangu 1927, mpaka leo jina lake ni tusi mtaani. Nyumbani kwenu lisitamkwe hivyo. Mpeni kazi ndogo ya kweli. Mdogo wangu alianza kwa kumwagilia mche mmoja wa mzabibu, sasa anapogoa safu nzima.