Nguvu, uimara na ubavu: maswali yenu ya lugha

Mwezi huu maswali manne yaliyotufikia yanazunguka neno moja tu, nguvu, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni fundi, nimeambiwa niandike ripoti ya kazi kwa Kiswahili. Niandike nguvu ya zege, uimara wa zege au ugumu wa zege? Mwenzangu anasema yote sawa tu.

JIBU: Marahaba fundi. Hapana, si sawa, na nadhani we mwenyewe umeshahisi ndo maana ukauliza. Nguvu tunaitumia zaidi kwa kitu kinachosukuma, kinachovuta, kinachonyanyua. Maji yanakuja kwa nguvu, mashine ina nguvu, na hata injini tunaihesabia nguvu za farasi, kipimo alichokitumia James Watt kulinganisha injini zake za mvuke na farasi, na kimoja ni kama wati 746. Sasa zege halimsukumi mtu, lenyewe linakaa pale linabeba, linalemewa na halipasuki, na hiyo ndo uimara. Angalia tu linavyopimwa: unamimina zege kwenye kiboksi cha chuma chenye pande za milimita 150, likishakauka unalitoa unaliloweka kwenye maji, ikifika siku ya 28 unaliweka kwenye mashine inalibana taratiiibu mpaka linapasuka. Hapo nguvu iko kwenye mashine na uimara uko kwenye zege. Mi napenda sana maneno yanapogawana kazi hivyo.

Ugumu ni kitu kingine kabisa, ni kukataa kukwaruzwa au kubonyea. Almasi kwenye kipimo cha Mohs cha mwaka 1812, kile kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ina 10, hakuna cha juu zaidi, lakini ipige nyundo uone, inavunjika. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa kigumu na bado kisiwe imara, mwambie mwenzako. Ripoti yako andika uimara wa zege.

SWALI: Ni nguvu ya au nguvu za? Darasani tumebishana mpaka kipindi kikaisha.

JIBU: Zote sahihi, manake nguvu ni ngeli ya I-ZI, umbo halibadiliki kwenye umoja wala wingi. Nguvu ya umeme imepungua, nguvu zangu zimeisha. Kwa mwili wa mtu tumezoea wingi, ndo maana "nguvu yangu imeisha" inagonga sikio kidogo hata kama sarufi haiikatai.

SWALI: Rafiki yangu anaumwa muda mrefu. Juzi nimemwambia jikaze, akageukia ukutani akanyamaza. Nilikosea neno?

JIBU: Pole wewe na pole yake pia. Hili swali nimekaa nalo siku kadhaa. Nia yako ilikuwa njema, ila neno ndo lilienda vibaya. Kukaza ni kile unachofanya kwa kamba au kwa skrubu, na ukiweka -ji- unamwambia mtu ajibane mwenyewe, peke yake, kwa kile alichonacho. Kwa anayekimbia mbio na zimebaki hatua chache ni neno zuri sana, linamfikisha. Kwa mtu ambaye amejikaza miezi na miezi linaingia kama vile hujaona alichofanya chote hicho.

Halafu sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyoongea kuhusu nguvu. Nguvu zinatiwa, zinapungua, zinaisha, zinarudi. Zinaingia na kutoka kama maji kwenye mtungi, hatumlaumu mtungi. Mgonjwa anashusha mguu mmoja chini, anashika ukuta, anasimama kidogo magoti yanatetemeka, anakaa tena, anakwambia "nguvu bado hazijarudi". Hasemi sijajikaza. Anaziongelea kama kitu kilichosafiri, na kweli mwilini mwake ndo ilivyo. Kwa hiyo nenda kwake, mwambie pole kwanza, kama mnashea imani mwambie Mungu akutie nguvu, kama hamshei basi "nguvu zitarudi taratibu, mi nipo" inatosha kabisa. Na ukae kidogo, usikimbilie kuondoka.

SWALI: Ubavu na mabavu ni ndugu? Mbona moja linasifia na lingine linatukana?

JIBU: Ni ndugu ndio, mzizi ni uleule -bavu. Ubavu ni upande wa mwili, pale penye mbavu, na watu wakapima nguvu ya mtu kwa hapo, ndo tukapata "sina ubavu wa kushindana naye". Hii inatumika hata pasipo na mwili, unaweza kukosa ubavu wa kulipa deni. Mabavu yenyewe ni nguvu inayotumika bila haki, kunyang'anya kwa mabavu, kutawala kwa mabavu, na sijawahi kusikia yakisifiwa. Hapo ndipo inapoingia ile kauli ya nguvu ya hoja na hoja ya nguvu. Geuza tu mpangilio na maana inapinduka yote: ya kwanza unashinda kwa sababu uliyosema ina mashiko, ya pili unashinda kwa sababu mwenzio anaogopa kukujibu. Anayetegemea hii ya pili, huyo ndo tunasema anatumia mabavu, hata kama hajainua mkono.