Kwa nini makaa ya mawe hayamiminwi kwenye tanki la gari

Ndugu yangu umeuliza kama makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka kule Ruvuma yanaweza kuendesha daladala za hapa Dar es Salaam. Kikemia yanaweza kabisa, ila lazima kwanza yageuzwe kuwa dizeli, na gharama yake ni kuyaongezea hidrojeni. Katika dizeli, kila atomu moja ya kaboni huambatana na hidrojeni zipatazo 2, ilhali katika makaa ya mawe ya kawaida huambatana na hidrojeni isiyofika hata 1, na ndiyo maana bonge lake ni gumu, jeusi, na huacha vumbi vidoleni.

Njia iliyozoeleka ya kuyageuza, waliyoigundua Franz Fischer na Hans Tropsch nchini Ujerumani katika miaka ya 1920, ni kuyapitishia makaa hayo mvuke na oksijeni katika joto kali hadi yawe gesi ya kaboni monoksaidi na hidrojeni, kisha gesi hiyo, ikishasafishwa salfa yote kwa sababu salfa huua nguvu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko), hupitishwa juu ya kichocheo hicho, yaani chuma au kobalti, na kuungana upya kuwa minyororo ya kaboni na hidrojeni, ambayo ndiyo dizeli. Afrika Kusini wanafanya hivyo tangu 1955, walipoanzia pale Sasolburg.

Kinachonisumbua mimi ni hewa: sehemu kubwa ya kaboni hiyo huishia kuwa kaboni dioksaidi kiwandani, kabla hata dizeli yenyewe haijachomwa barabarani.