Muulize Mwalimu: Sehemu zinanitesa

Shikamoo mwalimu, mi nipo fomu tuu huku Ujiji, tulipewa x/3 + x/4 = 14, nikatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 3 na kwa 4) nikapata 12 nikazidisha, ikaja 4x + 3x = 14, so x = 2, nikapigwa kosa na sioni nimekosea wapi.

Marahaba. KDS umepatia kabisa, ila hiyo 12 umewagawia wa kushoto tu, yule 14 umemruka, sasa fikiria mizani ya dagaa pale Kibirizi, ukiongeza upande mmoja si lazima ulale? 14 mara 12 ni 168, kwa hiyo 7x = 168, x = 24. Hakiki: theluthi ya 24 ni 8, robo yake 6, jumla 14. Ile 2 yako theluthi na robo yake hata 2 hazifiki, ungejaribisha ungeshtuka mwenyewe.

Halafu kuna alama ya kutoa, hii ndo inamaliza watu. Kwenye x/2 − (x − 3)/5 = 3 zidisha kwa 10, weka mabano kwanza: 5x − 2(x − 3) = 30. Ukifungua ni +6 jamani, sio −6! 3x = 24, x = 8.