Stendi ya kinanda: pima goti na kiwiko kabla ya kutoa pesa

Mpigaji kinanda akipata hela humalizia zote kwenye kinanda chenyewe. Stendi hununuliwa kwa chenji iliyobaki. Nami nilianza hivyo, na kwa miaka mitatu nilipiga kanisani hapa Kampala huku mabega yakiniuma kila Jumapili jioni. Nilidhani ni uchovu wa ibada ndefu. Kumbe kinanda kilikuwa juu mno kwa mtu anayepiga ameketi, na mabega yalikuwa yamepanda muda wote bila mimi kujua.

Kwa hiyo anza na mwili wako, duka litafuata. Keti kwenye kiti utakachotumia, legeza mabega, kunja viwiko, nyoosha mikono mbele kana kwamba unabonyeza vitufe. Mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ulale sawa na sakafu. Mtu akupimie kwa futi toka sakafuni hadi kwenye vidole. Vitufe vya piano ya kawaida huwa kwenye sentimita 72 au 73 hivi, na watu wazima wengi huangukia karibu na hapo. Kisha toa unene wa kinanda, toka upande wake wa chini hadi juu ya vitufe. Kinachobaki ndicho kimo cha stendi. Changu kina unene wa sentimita 10, basi stendi yangu inakaa kwenye 62. Anayepiga amesimama apime hivyohivyo, akiwa amevaa viatu vyake vya jukwaani.

Ukishajua namba yako, utaelewa kwa nini stendi ya msalaba, ile ya miguu inayopishana kama X, inatusumbua wengi. Ukiishusha, miguu inatanuka na goti linagonga pale katikati. Ukiipandisha, miguu inakaribiana, na mikono inayobeba kinanda nayo inakaribiana, hivyo ncha mbili za kinanda zinabaki zinaelea. Kinanda chepesi cha vitufe 61, cha urefu wa mita moja hivi na uzito wa kilo 5 au 6, kinavumilia hali hiyo. Cha vitufe 88 ni habari nyingine. Yamaha P-45 ina kilo 11.5 na urefu wa zaidi ya mita 1.3, Roland RD-2000 inakaribia kilo 22. Weka mzigo huo kwenye msalaba wa bomba moja, upige kwa nguvu vitufe vya mwisho mkono wa kulia, uone kinanda kinavyoyumba. Kama lazima uchukue msalaba, chukua wenye mabomba pacha. Kama una kinanda kizito na unapiga umeketi, tafuta ya umbo la Z au ya miguu minne kama meza. Stendi za nguzo moja ni nzuri na zinabebeka, lakini bei yake ni kubwa, siwezi kumshauri kijana anayeanza.

Dukani usiangalie rangi. Angalia kitasa cha kufungia. Stendi ya msalaba ina sahani ya chuma yenye matundu au meno, na kitasa chenye springi kinachosukuma pini iingie. Vuta, achia, sikiliza. Pini ikiingia vizuri inalia "tak" na kitasa kinarudi hadi mwisho. Isipofika mwisho, inashikilia ukingoni tu.

Hilo nililijua kwa machungu. Tulialikwa kwenye kuhingira, sherehe ya kumwaga bibi harusi kwao, kule Mbarara, tukafika tumechelewa, nikafungua stendi haraka na kupachika kinanda. Wimbo wa kwanza ulipita. Katika wa pili, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia, pini iliteleza na kinanda kikashuka chote kwa pigo moja. Nilikidaka kwa mapaja, lakini vitufe viwili vilivunjika na sauti ikakatika mbele ya wazee wa pande zote mbili. Siku ile bado inaniuma. Tangu hapo, kabla sijaweka kinanda, naegemea stendi kwa viganja viwili na kuikandamiza kwa uzito wangu. Ni sekunde tano.

Stendi ninayotumia sasa ilitengenezwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala. Mafundi wa kuchomelea pale watakutengenezea chochote mradi uwape vipimo, na ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza. Mwambie fundi atumie bomba la mraba la inchi moja, geji 16. Jembamba zaidi litapinda, nene zaidi litakuchosha kubeba. Miguu ifungwe kwa bolti ili ikunjike, isichomelewe moja kwa moja. Omba bolti zote ziwe za saizi moja. Zangu ni M8, spana namba 13 inamaliza kazi yote. Mwambie pia asage kona zote, kwani kona isiyosagwa itachana begi na mkono. Chini ya miguu nilipigilia vipande vya tairi, raba ileile wanayoshonea lugabire, zile ndala za matairi. Haitelezi hata kwenye vigae.

Jukwaa letu mara nyingi ni uwanja wa nyasi chini ya tenti. Mvua ikiwa imenyesha jana yake, miguu inazama mmoja mmoja, na kufikia saa tisa kinanda kimelala upande. Beba kipande cha plaiwudi kinachotosha miguu yote minne, na pedali ikae juu ya plaiwudi hiyohiyo isije ikakukimbia. Waya wa adapta uache ulegee kidogo karibu na kinanda, kisha uufunge kwenye mguu wa stendi. Mtoto akijikwaa, atavuta stendi badala ya kung'oa tundu la umeme.

Kuhusu safari, kanuni yangu ni moja: stendi na kinanda visilale kitanda kimoja. Chuma kikitikisika kilomita 270 toka Kampala hadi Mbarara kitakula vitufe, hata mkiwa mmeweka blanketi katikati. Stendi naikunja, naifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli sehemu mbili ili isifunguke, naitia kwenye gunia lake. Kwenye basi inakwenda buti. Kinanda nakaa nacho, hata ikibidi kulipia kiti cha pili. Kwenye taksi, yaani matatu, ongea na kondakta kabla hajajaza watu, ailaze chini ya viti. Bodaboda inabeba stendi tu, imefungwa kwa urefu, kufuata mkao wa pikipiki. Ukiifunga kwa upana, kwenye foleni za Kampala utagonga vioo vya watu na pengine mtu mwenyewe.

Vitasa navyo hulegea njiani kwa mtikisiko. Mimi huving'oa vyote, navitia kwenye kimfuko cha kitambaa pamoja na bolti mbili za akiba na ile spana, na kimfuko hicho hukaa mfukoni mwangu mpaka tufike.